Ami, Mjomba na Anko: Safari ya Neno la Kiingereza hadi Kwale

Afungaye ndoa katika msikiti wowote wa pwani yetu ya kusini, tangu Likoni hadi Vanga, haianzi hutuba yake kabla ya kumjua walii wa bibi arusi; na ikiwa baba na babu wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na ndugu wa kiume hapana, huuliza ni nani wa nasaba aliyesalia. Nilikuwapo Msambweni siku moja swali hilo lilipoulizwa, na kijana mmoja wa aila ile, aliyesomeshwa vizuri na mwenye adabu zake, akajibu kwa haraka: "Anko wake yupo, sheikh, amekaa pale nje." Sheikh akamwuliza kwa upole: "Anko huyo, mwanangu, ni ami yake au ni mjomba wake?" Kijana akanyamaza, akawatazama wazee, na bibi mmoja aliyekuwa mlangoni ndiye aliyejibu kwamba ni mjomba, ndugu wa mama wa binti, tumbo moja. Basi kwa madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata huku, mjomba hana uwalii katika nikaha, hata akiwa ndiye aliyemlea binti tangu akiwa mchanga. Ikabidi atafutwe mtoto wa ami, naye alikuwa kazini Ukunda, na watu wote wakangoja hata baada ya laasiri.

Hapana aliyekasirika siku ile, na ndoa ikafungwa kwa furaha. Lakini mimi nilirudi nyumbani na neno lile "anko" likinizunguka kichwani, nikitaka kujua limetoka wapi, limefikaje kwetu, na limechukua mahali pa nini. Na haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

Zamani Waingereza walipokuwa na mjomba wao

Asili ya neno hili ni Roma. Warumi wa kale, katika lugha yao ya Kilatini, hawakuwa na neno moja kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama. Ndugu wa baba alikuwa "patruus", jina lililotokana na baba mwenyewe. Ndugu wa mama alikuwa "avunculus", na maana yake hasa ni "babu mdogo", kwa kuwa "avus" ni babu, na neno limefanywa dogo kwa namna ya mapenzi. Shangazi alikuwa "amita", na mama mdogo "matertera". Msomaji wa Kiswahili hataona ajabu kwa mgawanyo huo, kwa sababu ndio alioukuta nyumbani kwake. Ajabu ataiona mbele.

Watu wa kaskazini ya Ulaya, ambao miongoni mwao walitoka wazazi wa Waingereza, nao walikuwa hivyo hivyo. Mwandishi Mrumi aitwaye Tacitus, alipoeleza habari za makabila ya Wajerumani katika kitabu chake cha mwaka 98, alisema kwamba kwao mtoto wa dada alikuwa na heshima kwa mjomba wake sawa na aliyokuwa nayo kwa baba yake. Waingereza wa kale walimwita ndugu wa mama "eam", na ndugu wa baba "fædera". Na katika utenzi wao mkongwe, Beowulf, shujaa mwenyewe ni mtoto wa dada ya mfalme wake, Hygelac, na uhusiano ule wa mpwa na mjomba ndio unaoishikilia taadhima ya kisa kizima.

Mwaka 1066 Wanormani wakavuka bahari kutoka Ufaransa wakaitwaa Uingereza, na kwa muda wa karne mbili na zaidi Kifaransa kikawa lugha ya jumba la mfalme, ya mahakama na ya wenye mali. Katika kinywa cha Wafaransa lile neno la Kirumi "avunculus" lilikuwa limekwisha kufupishwa likawa "oncle", na tena lilikuwa limekwisha kumeza upande wa pili, likawa ni ndugu wa baba na ndugu wa mama pamoja. Ilipofika mwisho wa karne ya 13 limekwisha kuingia katika maandishi ya Kiingereza, na taratibu maneno ya wenyeji yakazama: "fædera" likapotea kabisa, na "eam" likasalia likinong'onwa vijijini na katika nchi ya Uskoti, hata nalo likaondoka katika usemi wa kila siku.

Kwa nini watu waache jina la mtu wa karibu namna hiyo? Kwa maoni yangu sababu haikuwa uzuri wa Kifaransa peke yake. Sheria ya ardhi waliyoishika Wanormani ilimpa mali mwana wa kwanza wa kiume, na vyeo vikashuka kwa baba kwa mwana, kwa baba kwa mwana. Basi haja ya kuuliza kila wakati kama mtu huyu ni wa kuumeni au wa kukeni ikapungua, na swali lisipoulizwa, neno la kulijibia hulala. Na lenye kustaajabisha ni kwamba neno lililoshinda, lile linalotumiwa leo na mamilioni ya watu kwa kila ndugu wa mzazi, kwa asili yake ni mjomba mtupu.

Jambo kama hilo lililipata pia neno lao la binamu, "cousin", kwa kuwa katika Kilatini lilikuwa "consobrinus", yaani mtoto wa mama mdogo au mama mkubwa tu. Wala sisi tusijione kuwa tumesalimika, kwa maana "binamu" letu ni "bin ami", mwana wa ndugu wa baba, na leo tunampa hata mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba bila ya kusita.

Baadaye neno "uncle" likatoka nje ya damu kabisa. Katika majimbo ya kusini ya Marekani, wenye watumwa, ambao hawakuridhika kumpa mzee mweusi jina la heshima wanalopewa watu weupe, walimwita "uncle", na mwanamke mzee wakamwita "aunt"; na kitabu mashuhuri cha Harriet Beecher Stowe cha mwaka 1852, kinachopinga utumwa, kimebeba jina hilo juu ya jalada lake. Ni lazima tulikumbuke hilo, kwa sababu neno lililofika kwetu halikufika likiwa na maana ya damu peke yake; lilikuja limekwisha kuzoea kuitwa watu wasiohusiana.

Pwani ya Mwachema na kaya za Digo

Amma kwetu, hali ilikuwa nyingine. Katika mlango wa mto Mwachema, kaskazini ya Diani, upo msikiti wa mawe wa Kongo, uliosimama tangu karne nyingi, na hapana mbali nao zipo kaya za Wadigo, ikiwamo Kaya Kinondo, ambayo mwaka 2008 ilitiwa pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia. Msikiti ule na kaya zile zimekaa jirani, na ndivyo zilivyokaa katika ndimi za watu njia mbili za kuhesabu jamaa.

Njia ya kwanza ililetwa na dini na biashara ya bahari. Kiarabu kina "amm" kwa ndugu wa baba na "khal" kwa ndugu wa mama, na Waswahili wakalichukua la kwanza wakasema "ami" au "amu"; ami lenyewe, kwa asili, ni "ami yangu", ile "i" ya mwisho ikiwa ni yangu, ndiyo maana wazee waliosoma hawapendi kulirudufu kwa kusema "ami yangu". Kurani Tukufu, katika Sura An-Nur, aya ya 61, inapotaja nyumba ambazo mtu aweza kula bila ya dhambi, haisemi nyumba za ndugu za wazazi kwa mkupuo, bali inawataja mmoja mmoja: maami, mashangazi, wajomba, na mama wadogo, na katika Sura An-Nisaa, aya ya 23, shangazi na mama mdogo wametajwa kila mmoja kwa jina lake katika wale walioharamishwa kuolewa. Mtu aliyefundishwa chuoni kwa aya hizo hawezi kudhani kwamba tafauti ya majina ni pambo la lugha.

Njia ya pili ni ya wenyeji, nayo ndiyo iliyompa mjomba kiti kikubwa kuliko mahali pengi pa pwani. Wadigo wa zamani waliihesabu nasaba kwa upande wa mama. Mali ya mtu alipokufa haikwenda kwa wanawe, kwa kuwa wanawe walikuwa wa ukoo wa mama yao. Ilikwenda kwa ndugu zake wa tumbo moja, na kisha kwa wapwa zake, watoto wa dada zake. Mjomba ndiye aliyekuwa na kauli katika kuozwa kwa mpwawe wa kike, ndiye aliyesimama katika deni na katika dia ya damu; na katika njaa kubwa za mwisho wa karne ya 19, mtoto alipowekwa rehani kwa tajiri wa mjini ili wenziwe wapate chakula, mkono wa mjomba ulikuwamo. Jirani zao Waduruma walikuwa na hesabu mbili kwa pamoja, ukoo wa kuumeni na ukoo wa kukeni, kila mmoja na aina yake ya mali. Baba wa Kidigo alipendwa na kuheshimiwa, lakini mtoto aliyetaka kujua atarithi nini alimtazama mjomba.

Neno hili lilikuwa kubwa hata likawa jina la kabila. Wamijikenda waliwaita Waswahili "Wajomba", na lugha yao wakaiita Kijomba. Sababu huelezwa kwa njia zaidi ya moja. Mimi naiona iliyo karibu na akili kuwa ni ndoa, kwa kuwa watu wa Vanga, Wasini, Gazi na Mombasa walioana na watu wa bara kwa vizazi vingi, na pale watu wawili walipokutana sokoni au njiani, jina la heshima lililofaa kufungua mazungumzo na kuomba amana lilikuwa ni lile la mtu asiyeweza kumdhulumu mpwawe. Naye mjomba humwitikia mpwawe kwa neno lile lile, "Naam, mjomba," wakaitana hivyo pande zote mbili. Huo ndio uzuri wa neno letu ambao "uncle" haujui.

1895 hata 1920: minazi na karatasi

Mwaka 1895 ulikuwa ni mwaka wa mageuzi mawili. Serikali ya Kiingereza iliutwaa utawala wa pwani kutoka kwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, na huko Takaungu ukazuka ugomvi juu ya nani atakuwa mkubwa wa aila ya Mazrui, kati ya Rashid bin Salim na Mubarak bin Rashid, wote wa nyumba moja ya kiume. Ukawa vita, na Mazrui mwingine mwenye jina kama hilo, Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi, akaingia, ngome yake ya Mwele katika milima ya Shimba ikavunjwa, na mwaka 1896 akavuka mpaka kwenda upande wa Wadachi. Vita vile vilianzia katika suala la nasaba ya kuumeni. Waingereza walioingia kuamua walitoka katika lugha iliyokwisha kuyapoteza maneno ya kupambanua pande mbili za nasaba.

Baada ya vita vile Uislamu ukaenea kwa kasi vijijini mwa Wadigo, katika Diani, Tiwi, Ukunda na Msambweni, na pamoja na dini ikaja elimu ya mirathi. Katika elimu hiyo ami ni katika asaba, yaani warithi wa kuumeni, naye huchukua iwapo hapana aliye karibu zaidi. Mjomba na mpwa wa dada ni dhawil-arhamu, jamaa wa tumboni, ambao hawapati fungu maadamu asaba wapo. Kwa pigo moja aliyekuwa mbele akawa nyuma.

Lakini dini peke yake haikuleta msukosuko wote, ulichangia mnazi. Shamba la mahindi hulimwa msimu na kuachwa, na kwa ardhi ya namna hiyo urithi wa mjomba haukuumiza mtu sana. Mnazi hukaa miaka sitini na zaidi, nao hupandwa na kupaliliwa na baba pamoja na wanawe. Wana wale walipoona mpwa wa baba yao akija baada ya matanga kuhesabu minazi waliyoimwagilia wao maji utotoni, walisema sheria ya Mwenyezi Mungu iwe juu ya ada. Ndipo ikaja na karatasi: sheria ya mwaka 1908 ya hati za ardhi ya pwani iliwataka watu waje waandikishe madai yao, na karatasi hutaka jina la mtu, haitaki jina la ukoo, kisha sheria ya mwaka 1920 juu ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu ikathibitisha kwamba Mwislamu akifa mali yake igawanywe kwa sheria ya dini yake.

Ugomvi uliofuata ulidumu miaka mingi. Wapwa walikwenda mbele ya wazee wa ngambi, baraza la mila, wana wakaenda kwa kadhi, na maafisa wa serikali wakawa mara wanasema hivi mara vile, wasijue kama Mdigo Mwislamu ahukumiwe kwa dini au kwa mila. Wenye hekima walipata njia ya kati, nayo ni wasia: sharia inamruhusu mtu kuusia hata thuluthi ya mali yake kwa asiyerithi, na kwa thuluthi hiyo mjomba akampa mpwawe minazi michache, ili wana wapate haki yao na dada asirudi mikono mitupu. Mimi naihesabu suluhu hiyo kuwa ni katika mambo mazuri yaliyofanywa na watu wetu wenyewe, bila ya kuamriwa na mtu. Na katika magomvi yale yote, marefu kama yalivyokuwa, hapana hata siku moja mtu aliyekosea jina: ami aliitwa ami, na mjomba aliitwa mjomba, kwa kuwa kila neno lilikuwa na minazi nyuma yake.

Skuli, mshahara na hoteli

Neno la Kiingereza halikuja kwa kishindo. Kwanza lilikaa katika vitabu vya skuli, kama ile ya serikali ya Waa, ambamo mtoto alifundishwa kwamba ami ni "uncle", na kesho yake akafundishwa kwamba mjomba naye ni "uncle", na mwalimu akapita. Miaka ya ukoloni wa Mwingereza ikamalizika mwaka 1963 na neno bado li ndani ya kitabu, kwa kuwa nje ya darasa hapakuwa na mtu wa kulitumia.

Lililolitoa nje ni maisha ya mshahara. Katika miaka ya 1970 ufuo wa Diani ukajaa mahoteli, na watu wa makabila mengi wakaja kutafuta kazi, wakapanga vyumba Ukunda mlango kwa mlango, mbali na maami na mashangazi zao. Mtoto aliyezaliwa katika uwanja wa nyumba ya kupanga alihitaji neno la kumwita mpangaji wa chumba cha pili, mtu mzima asiyekuwa na nasaba naye, na "anko" na "anti" yakamfaa, kwa kuwa hayadai maelezo. Skuli za chekechea zinazofundisha kwa Kiingereza zikayapa heshima, televisheni ikayapa sauti, na baada ya muda yakaingia ndani ya nyumba yenyewe. Leo mtoto wa mjini hulitumia "anko" kwa ndugu wa baba, ndugu wa mama, mume wa shangazi, rafiki wa baba na kondakta wa matatu. Na "anti" humwita dada wa mama yake, mwalimu wake, na mwanamke aliyeajiriwa kumpikia na kumfulia.

Sina ubaya na maneno hayo kwa jirani. Kumwita mtu mzima kwa jina tupu ni utovu wa adabu, na mtoto anayesema "anko" kwa mpangaji amefunzwa heshima. Ninalolihuzunikia ni yale majina mengine manne, ami, mjomba, shangazi na mama mdogo, kufukuzwa kwao. Mama mdogo aliyekunyonyesha mama yako alipougua, ukimwita kwa neno lile lile unalomwita mfanyakazi wa mshahara, umeuondoa ulimini ushahidi wa hisani yake. Na shangazi, ambaye kwetu ndiye mwenye sauti katika arusi ya mtoto wa ndugu yake, hujikuta amekaa katika safu ya wageni.

Sheria isiyojua "anko"

Sheria ya Kenya ya urithi, iliyopitishwa mwaka 1972 na kuanza kazi mwaka 1981, imefuata akili ya Kiingereza: ikiwa marehemu hana mke, mume, mtoto, mzazi wala ndugu, basi walio karibu naye kwa damu hugawana sawasawa, wa kuumeni na wa kukeni pamoja. Kwa sheria hiyo "anko" ni neno tosha. Lakini mwaka 1990 Waislamu waliondolewa chini yake katika mambo ya mirathi, na Katiba ya mwaka 2010 ikaziacha mahakama za kadhi mahali pake; na kadhi, awe Kwale au Mombasa, akiipanga orodha ya warithi hawezi kuandika neno lisilompa njia ya kupiga hesabu, kwa sababu ami aliyebakia peke yake katika asaba huenda akachukua salio lote la mali, na mjomba aliyekaa karibu naye kitako asichukue kitu.

Hayo ndiyo yaliyompata kijana wa Msambweni niliyemtaja mwanzo, na yatampata mwingine, labda katika saa nzito kuliko ya arusi. Bibi aliyejibu mlangoni siku ile alikuwa amepita miaka themanini, na alilijibu swali kwa sababu alikuwapo mama wa binti alipozaliwa. Basi ewe msomaji mwenye watoto, usingoje nikaha wala matanga. Leo jioni mwanao akimwita mgeni wenu "anko", mwite karibu, umwambie: huyu ni ndugu wa baba yako, ni ami, na yule aliyekuletea madafu Ijumaa ni ndugu wa mama yako, ni mjomba, na umfundishe pia majina yao, na ya baba zao.